Mpira wa vyuo Marekani: Shangwe zijengwe bila kuwasahau watoto

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki zilizohamia Marekani, hasa katika majimbo kama Minnesota na Texas, Jumamosi za kuanzia Septemba hadi Novemba ni za mpira. Si soka la Simba na Yanga wala Gor Mahia na AFC Leopards, bali mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai. Mtoto akishajiunga na chuo kikuu, wazazi na wadogo zake nao huitwa uwanjani.

Kwa desturi, vyuo hucheza Jumamosi na timu za kulipwa za ligi ya NFL hucheza zaidi Jumapili. Katika mji mdogo ambako chuo ndiyo timu pekee, uwanja hujaa bila kutangazwa sana. Kazi ipo katika miji mikubwa yenye timu ya kulipwa. Huko mzazi mwenye fedha ya mechi moja hulazimika kuchagua, na mara nyingi chuo ndicho kinachoachwa.

Swali kwa vyuo hivyo ni namna ya kurudisha shangwe. Kwa wazazi kuna swali la pili: shangwe hizo zitamfaa mtoto?

Uwanja karibu na wanafunzi

Baadhi ya vyuo hutumia uwanja wa timu ya kulipwa. Temple hucheza Lincoln Financial Field, nyumbani kwa Philadelphia Eagles. Pittsburgh, baada ya kuufunga uwanja wake wa chuoni mwaka 1999, sasa inatumia uwanja mmoja na Steelers. Shida ni kwamba mashabiki 25,000 wakitawanyika katika uwanja wa watu karibu 70,000, hata wakipiga kelele vipi, uwanja huonekana mtupu.

Minnesota ilichoka na hali hiyo. Baada ya kucheza ndani ya Metrodome kuanzia 1982, mwaka 2009 ilirudi kampasi katika uwanja wake wa watu wapatao 50,000. Mambo yaligeuka kiasi kwamba mwaka 2014 na 2015 Vikings, timu ya kulipwa ya mji huo, ndiyo iliyoazima uwanja wa chuo wakati wake ukijengwa.

Kule New Orleans, Tulane ilitumia Superdome kuanzia 1975, kisha mwaka 2014 ikafungua uwanja wa watu kama 30,000 kampasi. Desemba 2022 ilitwaa ubingwa wa ligi yake katika uwanja huohuo mdogo.

Faida kwa mzazi ni kwamba mwanafunzi hutembea kwa miguu kutoka bwenini hadi uwanjani na kurudi. Hahitaji kupanda gari la rafiki ambaye huenda amekunywa.

Lakini uwanja mpya nao una gharama kwa familia nyingine. Temple ilipopendekeza kujenga kampasi, wakazi wa Kaskazini mwa Philadelphia walipinga wakihofia kelele, msongamano na kupanda kwa gharama za maisha mtaani kwao. Mpango huo ulikwama. Nao walikuwa wazazi wenye watoto wa kulaza usiku.

Bia si dawa ya kila kitu

Vyuo vingi sasa vinauza bia uwanjani. Hoja moja ni mapato. Nyingine ni kupunguza tabia ya watu kunywa harakaharaka kwenye maegesho kabla ya mechi. Chuo cha West Virginia kilianza kuuza bia mwaka 2011, lakini wakati huohuo kilifuta ruhusa ya kutoka nje wakati wa mapumziko na kurudi ndani. Polisi wa chuo waliripoti matukio machache kuliko awali.

Kwa hiyo bia haikwenda peke yake, ilikwenda na masharti. Hilo ni muhimu, kwa kuwa umri wa kununua pombe Marekani ni miaka 21, na wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza na wa pili hawajaufikia. Chuo kinachotaka familia kinaweza kutenga majukwaa yasiyo na pombe, kuweka maji ya bure na kuwapa wanafunzi usafiri wa uhakika.

Masikio ya mtoto

Kelele ndiyo fahari ya mashabiki. Mwaka 2014 mashabiki wa Kansas City Chiefs waliweka rekodi ya desibeli 142.2. Lakini wataalamu wa afya kazini Marekani wanashauri mtu mzima asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane. Zikifika 100, muda huo hushuka hadi kama dakika 15. Mechi ya chuo huchukua zaidi ya saa tatu.

Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi. Mtoto mdogo avalishwe vizibo vya nje vinavyofunika masikio yote, na akae mbali na spika na bendi. Mtoto akilalamika kuwa masikio yanalia, mtoeni nje.

Shangwe isiyonunuliwa

Iowa City haina timu ya NFL, lakini ina funzo kwa miji yote. Tangu 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima wa chuo cha Iowa hugeuka na kuwapungia mkono watoto waliolazwa katika hospitali inayotazamana na uwanja. Wachezaji wa timu pinzani nao hupunga. Wazo lilitoka kwa shabiki, na halikugharimu kitu.

Kabla ya kwenda

- Angalieni kanuni za mifuko. Viwanja vingi hukubali mfuko unaoonyesha vilivyomo tu, hivyo ulizeni kuhusu nepi na maziwa.
- Ulizeni kama kuna jukwaa la familia lisilo na pombe.
- Mechi za Septemba huwa na jua kali. Bebeni kofia, na mnyweshe mtoto maji kabla hajaomba.
- Kubaliana na mwanafunzi wenu mapema atarudije bwenini, na nani atampigia simu akikwama.