Ngome ya Corfe: Gofu Lililotengenezwa kwa Sululu na Baruti

Wengi wanaoitazama Ngome ya Corfe, juu ya kilima chake huko Dorset, kusini mwa Uingereza, huondoka wakiamini kwamba ni uzee ulioiangusha. Vizazi kwa vizazi vya watoto wa Kiingereza vimepitishwa pale wakati wa likizo, njiani kuelekea fukwe za Swanage. Wamepanda katikati ya minara iliyoinama, wamepigwa picha, wameondoka na fikra ileile ya mvua, upepo na karne nyingi. Inafaa mtu akishakuwa mzima arudi kuitazama upya, kwa sababu fikra hiyo inaficha jambo kubwa kuliko yote kuhusu mahali hapo. Corfe ililemazwa kwa makusudi. Bunge liliamua hivyo Machi 1646, wakati vita kati yake na Mfalme Charles wa Kwanza vikielekea ukingoni, na watu wenye sululu, magogo na baruti wakaitekeleza amri. Gofu tunaloliona ni kazi ya mikono, na anayejua kuzisoma nyufa zake anaweza kueleza kazi hiyo ilifanywaje.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye lango la kusini-magharibi, la karne ya 13. Lilikuwa na minara miwili ya duara, mmoja kila upande wa njia, na tao katikati. Leo mnara mmoja umeshuka kupita kimo cha mtu na kusogea kuelekea bondeni, huku ukiwa bado umesimama, mawe yake yamepangana safu kwa safu. Tao limekatika: kipande kimoja kimebaki juu mahali pake, kingine kimekwenda na mnara wake. Ukisimama kwenye ufa huo unaona safu za mawe za upande huu zikiishia hewani, na mwendelezo wake uko chini kabisa upande wa pili. Mvua na baridi hazibomoi hivyo. Zenyewe huanzia juu, zikala chokaa, zikalegeza jiwe mojamoja, na ukuta ukapungua kutoka kileleni kuja chini. Mnara ulioteremka mzima umeondolewa kitu chini ya msingi wake.

Mbinu hiyo ilikuwa ya zamani. Mfalme John, ambaye mwanzoni mwa karne ya 13 alitumia fedha nyingi kuiimarisha Corfe na kujijengea makazi ya kifahari ndani yake, aliijua vizuri kwa kuitumia dhidi ya wengine. Mwaka 1215 alipoizingira ngome ya Rochester iliyoshikwa na waasi, wachimbaji wake walitoboa njia chini ya pembe moja ya mnara mkuu, wakiegemeza msingi kwa magogo kadiri walivyoondoa udongo. Mwezi Novemba mfalme akaandika barua ya kuagiza nguruwe 40 wanono, wale wasiofaa sana kuliwa, ili mafuta yao yakoleze moto chini ya mnara. Magogo yalipoungua, pembe yote ikaporomoka. Baadaye ilijengwa upya kwa umbo la duara, na mpaka leo mnara wa Rochester una pembe tatu za mraba na moja ya mviringo. Sijui kovu la vita linalosomeka kirahisi kuliko hilo.

Corfe kazi ilikuwa nyepesi zaidi, maana juu ya ukuta hapakuwa tena na adui wa kuwarushia mawe. Kilima ni cha chaki, mwamba laini unaokubali sululu, na vijito viwili vimekizunguka hata miteremko yake ikawa mikali. Kuta zenyewe zilijengwa kwa mawe magumu ya Purbeck: nje mawe yaliyochongwa, ndani kifusi kilichoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa iliyokaa karne kadhaa inashika hata ukuta mnene unakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana wabomoaji walipofukua chini ya misingi na kulipua, sehemu nyingi hazikusambaratika kuwa mawe. Ziliinama au kuteleza vipande vizima, na mteremko ukamalizia kazi.

Atakayebisha atasema kwamba mizinga ilikuwa imeshazimaliza ngome za aina hii, kwa hiyo Bunge lilivunja kitu ambacho kingekufa chenyewe. Kilichotokea Corfe kinampinga. Mwaka 1643 Sir Walter Erle, kamanda wa upande wa Bunge, aliizingira akiwa na mamia ya askari na mizinga. Ndani alikuwamo Bibi Mary Bankes, ambaye mumewe, Sir John, alikuwa jaji wa upande wa mfalme. Alianza na wanaume watano na wanawake wa nyumba yake, na hata alipopata nyongeza walinzi hawakufika mia moja. Gazeti la upande wa mfalme lilisimulia kwamba washambuliaji walitengeneza kibanda cha mbao chenye magurudumu, kimefunikwa sufu ili kuzuia risasi, wakakiita Nguruwe Jike. Miguu yao ikabaki wazi kwa chini, na walinzi wakailenga hiyo. Gazeti hilo lilikuwa na upande, lakini matokeo hayana ubishi: Erle aliondoka Agosti mikono mitupu. Ngome ilipokuja kuanguka Februari 1646 ilianguka kwa usaliti, baada ya afisa aliyekuwa ndani, Kanali Pitman, kuwaingiza askari wa Bunge kwa kisingizio cha nyongeza ya walinzi. Wabunge waliivunja kwa kuwa iliwashinda. Na kuhusu kufa yenyewe, Mnara Mweupe wa London, ulioanza kujengwa karne ya 11, bado una paa lake.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaouliza kwa nini isijengwe upya, ili watoto waione ngome badala ya mabaki. Ufaransa walifanya hivyo Carcassonne kuanzia 1853 chini ya mbunifu Viollet-le-Duc, wakaiokoa kweli, lakini mapaa yake marefu yenye ncha yamebishaniwa tangu hapo, na mgeni hawezi tena kujua kwa macho kipi ni cha karne ya 13 na kipi ni cha fundi wa karne ya 19. Corfe ikijengwa upya tutapata ngome nyingine kama zilizopo na kupoteza maelezo bora ya jinsi dola ilivyoamua kuangamiza ngome. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe ndio wa kulindwa, uachwe wazi na kingo zake ziimarishwe. Kazi hiyo haina mvuto kwa wafadhili. Ni fundi mmoja kwenye jukwaa, anang'oa mizizi kwenye kifusi kilichobaki uchi baada ya mawe ya nje kuchukuliwa, anajaza viungo kwa chokaa. Tena lazima iwe chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani mpaka mawe yakamong'onyoka, kosa ambalo kuta nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimelipia. Inaudhi kuona fedha zikipatikana haraka kwa sherehe na maduka ya wageni, huku za ndoo ya chokaa zikiombwa kwa unyenyekevu.

Siwalaumu wanakijiji waliobeba mawe yaliyoanguka wakajengea nyumba zao. Mawe mazuri yaliyolala chini yangepotea bure, na kijiji cha Corfe leo kina sehemu ya ngome ndani ya kuta zake. Familia ya Bankes, wenye ngome, nayo haikuijenga upya, ilihamia nyumba mpya ya Kingston Lacy, ambako funguo za ngome zimetundikwa. Kabla ya kubomolewa Corfe ilikuwa hazina ya Mfalme John, gereza la Eleanor wa Brittany, kituo kimojawapo cha kifungo cha Mfalme Edward wa Pili mwaka 1327, makazi ya matajiri. Baadaye machimbo ya mawe, mada ya wachoraji, na tangu Ralph Bankes alipoirithisha mwaka 1981, mali ya shirika la uhifadhi la National Trust, ambalo huwakatia tiketi wageni wanaoshuka kwenye treni ya mvuke ya Swanage.