Skuli ya Alliance na Maana ya Kutumikia

Mtu akitoka Nairobi kuelekea magharibi, baada ya mwendo wa kilomita 20 hivi hufika Kikuyu. Karibu na hapo, mahali paitwapo Thogoto, pana kanisa la zamani, hospitali, na skuli ambayo wazee wengi wametamani watoto wao waingie. Hiyo ndiyo Skuli ya Sekondari ya Alliance.

Jina lake maana yake ni muungano. Misheni za Kiprotestanti zilizopatana Kikuyu mwaka 1918 ndizo zilizoianzisha, nayo ikafunguliwa tarehe 1 Machi 1926. Ilikuwa miongoni mwa skuli za kwanza nchini kumpa Mwafrika masomo ya sekondari. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa Bwana G. A. Grieves. Mwaka 1940 akafuata Bwana Carey Francis, aliyekuwa ameacha kazi ya kufundisha hesabu Cambridge akaja Maseno mwaka 1928.

Wakati wa Bwana Francis siku ilianza mapema. Wanafunzi walifagia mabweni na viwanja, wakakaguliwa, wakasali, ndipo wakaingia darasani. Mtoto wa chifu na mtoto wa mkulima walishika ufagio ule ule. Darasani walisoma hesabu, sayansi na Kiingereza, wakaufanyia kazi mtihani wa Cambridge. Na waliofaulu vizuri walitazamia kwenda Makerere. Kulikuwa na maktaba, mpira, riadha, Skauti, nyimbo na mijadala, na mchezo wa kuigiza wa Shakespeare.

Lakini haifai msomaji adhani kwamba maisha hayo yalikuwa mbali na taabu za nchi. Mwaka 1955, siku za Hali ya Hatari, aliingia kijana kutoka Limuru, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Kaka yake alikuwa msituni. Muhula wa kwanza ulipokwisha, alirudi nyumbani akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Habari hiyo aliieleza mwenyewe katika kitabu kilichotolewa mwaka 2012. Hata hivyo alirudi skuli, akaketi tena darasani, akamaliza masomo yake mwaka 1958.

Wako waliosema kwamba skuli ya namna hiyo iliwafanya vijana wawe Waingereza weusi. Lawama hiyo si ya kupuuzwa, maana mtoto akifundishwa kuheshimu mambo ya wengine tu, aweza kudharau ya kwao. Lakini tutazame waliotoka humo. Eliud Mathu, aliyesoma hapo na kufundisha hapo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1944. Oginga Odinga, Ronald Ngala na Julius Kiano walisoma hapo pia, na kila mmoja akasema na Serikali ya wakati huo bila woga. Mpanzi huchagua mbegu, lakini hawezi kuamuru mavuno.

Sasa, ndugu mkulima, nafasi katika skuli kama hiyo ni chache, na watoto ni wengi. Kila mwaka wako wazazi wanaohuzunika kwa kuwa jina la mtoto halikuonekana katika orodha, wakamwambia mtoto kwamba amepotea. Neno hilo ni kosa kubwa. Jengo zuri na maktaba kubwa ni msaada, na ni haki yetu kuzitaka kwa skuli zote. Lakini ufagio, saa ya kusoma, kusema kweli na kusaidia jirani havihitaji karo, navyo vyaweza kupatikana hata katika skuli ya kutwa iliyo kando ya shamba lako.

Skuli ya Alliance inayo kauli yake, nayo ni kuwa na nguvu ili kutumikia. Bwana Francis mwenyewe alipostaafu mwaka 1962 hakwenda kupumzika Uingereza. Alikwenda Pumwani, katika mitaa ya watu wa hali ya chini Nairobi, akafundisha huko vijana ambao hawakupata nafasi Alliance. Akaendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1966. Mzazi anayemlilia mtoto wake kwa kukosa Alliance na akumbuke kwamba mwalimu wa Alliance mwenyewe aliona vijana wa Pumwani wanastahili siku zake za mwisho.