Sanaa ya Mkono na Sebule Zetu (Sehemu ya Tatu)

Msimu wa Sabasaba umewadia, na magazeti yamejaa habari za mabanda ya Barabara ya Kilwa, kule Temeke. Kauli ya wageni rasmi ni ile ile: tupende vya kwetu. Naiunga mkono kwa moyo wangu wote. Ila mapenzi hayo yasiishie kwenye banda la maonesho. Mahali pa kuyapima ni sebuleni.

Katika sehemu mbili zilizopita tulipitia milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu, kisha vinyago vya mpingo vya mafundi wa Mwenge, Kinondoni. Leo tubaki huko huko, tumtazame mchoraji Edward Saidi Tingatinga, ambaye kwa maoni yangu kila mtoto wa Dar es Salaam angepaswa kumfahamu.

Tingatinga alizaliwa wilayani Tunduru miaka ya 1930. Kama vijana wengi wa kusini wa zama zake, alikwenda kutafuta riziki kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam na kuishi kwa kazi za mikono, hii leo na ile kesho. Chuo cha sanaa hakukiona. Mwaka 1968 alipoanza kuchora, hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alichukua hadibodi, zile zile za kupigilia darini, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Vyote viliuzwa dukani, na bei yake mtu wa kipato kidogo aliimudu.

Tazama alivyofanya kazi. Hadibodi ya futi nne kwa nane ukiikata vizuri inatoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, wala hakibaki cha kutupa. Hadi leo picha nyingi za mtindo huu ni za mraba wa namna hiyo. Kwanza hupakwa rangi moja ubao mzima, ikaachwa ikauke. Juu yake anakuja mnyama mmoja, tuseme chui, aliyeujaza ubao toka pembe hadi pembe, na madoa yake yamepangwa moja moja kwa subira ya mtu anayeshona ukili wa mkeka. Wapo watafiti wanaouhusisha uchoraji huu na michoro ya kuta za nyumba za udongo huko kusini. Mimi naliona hilo lina maana kubwa: huenda sanaa hii ilianzia nyumbani, kabla haijawa bidhaa ya mtalii.

Picha ziliuzwa chini ya mbuyu pale Morogoro Stores, Oysterbay. Wanunuzi wengi walikuwa Wazungu waliokuwa wakiishi mjini, na kwa mikono yao chui wa Tingatinga wakasafiri hadi kuta za Ulaya. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kimakosa kwa risasi ya polisi. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Hata hivyo kazi haikufa, kwa kuwa alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa: January Linda, Adeusi Mandu, Kaspar Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata. Mwaka 1990 warithi wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika, na hadi leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Mwenyewe aliliandika jina hilo kwenye picha zake. Mnunuzi alijua amenunua kazi ya nani.

Sasa ingia katika nyumba zetu za Mbagala, Tandika au Mwananyamala. Ukutani kuna kalenda ya benki na maua ya plastiki. Kochi limetoka ng'ambo, ndani yake ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na siku maji yakiingia ndani wakati wa masika linavimba na kupasuka. Na Keko ya mafundi seremala iko pale pale Temeke! Fundi wa Keko anachonga ulimi wa mninga kwa patasi, anauingiza kwenye tundu lake hadi ukaze, anapiga msasa, anapaka vanishi. Kiti hicho atakikalia mjukuu wako. Jirani yako naye anafuma vitambaa vya makochi kwa mkono, na ukimpa rangi unazozitaka atakufumia.

Ndugu msomaji, usingoje mgeni rasmi akuhimize. Ukipata fedha ya kupamba nyumba, anza na kitu kimoja: picha, mkeka au kigoda. Nenda kwa fundi, kaa naye, mwambie unachotaka na usikilize ushauri wake. Usimkandamize bei hadi akose nauli ya kurudi kwao. Mwombe aandike jina lake kwenye kazi, na mgeni akiisifu, mtajie. Watoto wanaokua wakisikia majina ya mafundi nyumbani kwao watajua kwamba ufundi ni kazi ya heshima, na baadhi yao watataka kujifunza.

Juma lijalo tutazungumzia ukindu na wasukaji wa mikeka.