Fadhaa

Sikizeni, wajukuu zangu. Tuseme mko huku kwetu Jomvu Kuu, maji ya hori ya Tudor yamepwa, nanyi mmeshuka mikokoni kutafuta kaa. Tope limewafika magotini. Mara nyuma yenu, chubwi! Kitu kimeanguka majini. Mabega yaruka, moyo wapiga mbio. Huko ni kushtuka: mwili umeruka kabla akili haijauliza kitu. Mkigeuka mkaona ni tawi kavu, mtacheka, mtaendelea na kaa wenu.

Sasa tuseme mmoja wenu hakugeuka. Amepiga ukelele tu, "Jini!" Basi huyu akimbilia kushoto, yule kulia, wa tatu amekwama topeni analia, ndoo imepinduka na kaa wote wamerudi mashimoni. Waulize wanakimbia nini, hakuna ajuaye. Hiyo ndiyo fadhaa.

Mwoga anakijua anachokiogopa: mbwa wa jirani, giza, bakora ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Na hofu yaweza kukaa na mtu mwaka mzima. Fadhaa huja ghafla, ikaingia na kuitoa akili nje. Miguu yaenda, kichwa kimebaki nyuma. Asiyekimbia akaganda pale pale, huyo amepigwa na bumbuazi, ambalo ni jirani wa karibu wa fadhaa.

Walio chuoni waijua herufi ya aini, ile itokayo ndani ya koo. Neno fadhaa tulilipokea kwa Waarabu likiwa na aini mwishoni. Sisi tuliiacha ile sauti, zikabaki a mbili zimeshikana, kama ilivyokuwa kwa saa, jamaa na bidhaa. Wengine husema fazaa, na kwa Kiarabu ni zai kweli, kwa hivyo msiwacheke. Tazameni katika Kurani, Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 103. Imetajwa humo fadhaa kubwa kupita zote, ya Siku ya Kiyama, ambayo haitawahuzunisha watu wema. Nadhani aliyelisikia neno huko kwanza halitumii ovyo. Paka akikurukia, umeshtuka, basi.

Mtu huingiwa na fadhaa, au hupatwa nayo. Mwenyewe amefadhaika, aliyemtia hali hiyo amemfadhaisha. Siku hizi kufadhaika kumepanuka, hata mwenye mashaka ya siku nyingi husemwa amefadhaika, wala si kosa.

Lakini mimi nalipenda zaidi neno hili likiwa mlangoni. Kumetokea msiba, na kijana mbio mbio aja kumpasha habari bibi aliyetoka sokoni, kikapu bado ki mkononi. Atazuiwa hapo hapo: "Mwache aketi kwanza, anywe maji. Usimfadhaishe."