Baiskeli ya milimani: Tairi zuri liende mbele

Kila Aprili shule zikifungwa, magari mengi hutoka Nairobi yakielekea Nyeri, yamejaa watoto wanaokwenda kuwaona guka na cucu. Siku hizi si ajabu kuona baiskeli imefungwa juu ya paa la gari. Ikiwa wewe msomaji ni mzazi wa aina hiyo, au ni mwanafunzi ambaye tayari umeanza kuhesabu siku zilizobaki, basi makala haya ni yako. Hebu toka nje kidogo ukaitazame baiskeli hiyo. Usitazame rangi wala idadi ya gia. Tazama tairi la mbele.

Tuseme mnakwenda Othaya. Mji huo umekaa kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Nyandarua. Mito hutoka huko juu ikikimbilia mabondeni, Gura ukiwa ndio unaosifika zaidi kwa kasi ya maji yake, na kila mto umejichimbia bonde lake. Kwa hivyo ukitaka kufika kijiji cha ng'ambo, ambacho unakiona kwa macho na hata jogoo wake unamsikia, huna budi kushuka hadi mtoni kisha upande tena. Barabara kubwa zina lami, lakini raha ya baiskeli haiko huko. Iko kwenye vijia vinavyopita katikati ya mashamba ya chai na kahawa, vile ambavyo wachumaji hupitia wakipeleka majani kituoni.

Udongo wa huko ni mwekundu, uliotokana na mawe ya volkeno. Ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Ukinyeshewa, tabaka jembamba la juu hugeuka kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya karai, ilhali chini yake bado ni kugumu. Na mvua ya masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, kumaanisha kwamba likizo ya Aprili huangukia katikati yake. Likizo ya Agosti nayo ina baridi yake, ukungu na manyunyu ambayo huweza kuzuia kijia kisikauke kutwa nzima.

Nayasema haya nikiwa na kovu kwenye kiwiko. Mwaka huo nilikuwa nimenunua tairi jipya, zuri, lenye meno marefu. Muuzaji aliniuliza tulifunge wapi, nami bila kufikiri nikamwambia nyuma, kwa kuwa la nyuma ndilo lililokuwa limebaki kipara. La mbele lilikuwa limechakaa kiasi, lakini nikaona litavumilia. Asubuhi iliyofuata, baada ya mvua ya usiku, niliteremka kijia cha kwenda mtoni. Penye kona ya kwanza gurudumu la mbele liliteleza kando, na nilipopata fahamu nilikuwa nimelala ndani ya michai, kiwiko kinavuja damu. Baiskeli ilikuwa imelala ubavu, na lile tairi langu jipya la nyuma likizunguka taratibu hewani, meno yake yakiwa safi kabisa.

Kosa hilo si langu peke yangu. Tairi la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi na ndilo linalosukumwa na minyororo, kwa hivyo huisha kwanza. Ni jambo la kawaida basi mtu kuweka jipya pale palipoisha, na lile la mbele likaachwa miaka na mikaka.

Kwa nini mbele?

Baiskeli haisimami kwa sababu ina magurudumu mawili. Inasimama kwa sababu wewe unaupeleka usukani huku na huku, pengine bila kujua, ili magurudumu yabaki chini ya uzito wako. Mtoto anayejifunza huonekana akiyumbayumba; mzoefu naye anayumba, ila kidogo mno hata huoni. Sasa gurudumu la nyuma likiteleza, mkia wa baiskeli unahama, unashtuka, unaweka mguu chini, mara nyingi unaendelea na safari yako. Gurudumu la mbele likiteleza, usukani haufanyi kazi tena. Unaugeuza, lakini baiskeli haigeuki. Hapo huna nafasi hata ya kusema "Ngai!"

Kisha kuna breki. Ukifunga breki, uzito wako wote husukumwa mbele, na kwenye mteremko husukumwa zaidi. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi na kuburutika tu, huku la mbele likilemewa na kazi ya kuisimamisha baiskeli. Anayeshuka kwenda Gura kwa breki ya nyuma pekee huchora mstari mrefu udongoni na bado anafika chini na mwendo wake.

Wakalifornia waliyajua haya kwa uchungu. Katika miaka ya 1970 vijana wa kaunti ya Marin, huko Marekani, walichukua baiskeli nzee za Schwinn zenye matairi manene na kuanza kushindana kuteremka milima. Shindano lao lililovuma zaidi, lililoanza Oktoba 1976, liliitwa Repack, kwa maana ya kupaka grisi upya: breki iliyokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ilipata moto hata grisi ikaisha kwa moshi, na ilibidi mtu apake nyingine kabla ya kushuka tena. Humo ndimo ilimozaliwa baiskeli ya milimani tunayoijua leo, na matairi mapana yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Kwetu Kenya, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye akashinda Tour de France mara nne, alianza akiwa kijana na baiskeli ya milimani, akimfuata David Kinjah katika vijia vya Kikuyu. Udongo wa Kikuyu nao ni mwekundu vilevile.

Upana na meno

Tairi pana hujazwa upepo mchache kuliko jembamba. Kwa hivyo hulalia ardhi vizuri zaidi, hukumbatia jiwe au mzizi badala ya kulirukaruka, na kwenye changarawe iliyolegea, inayozunguka chini ya gurudumu kama gololi, hilo peke yake linaweza kukuokoa. Baiskeli nyingi zinazouzwa madukani kwetu huja na upana wa inchi 1.95, yaani karibu milimita 50. Kwa mbele tafuta 2.25, karibu milimita 57, au hata 2.4 kama nafasi ipo. Utaniuliza, je, sitachoka? Kidogo tu. Sehemu kubwa ya uzito wako iko nyuma, kwa hivyo nyuma ndiko tairi zito linakokula nguvu. Waweza kabisa kuwa na jembamba jepesi nyuma na pana mbele. Hakuna sheria inayodai yafanane kama viatu.

Upana bila meno hausaidii matopeni. Unataka meno marefu yaliyoachana, ili yapenye ule utelezi wa juu yakaume ardhi ngumu iliyo chini, na ili matope yapate pa kutokea gurudumu linapozunguka. Yakikaribiana mno, hatua mia moja tu na tairi limegeuka andazi. Angalia hasa meno ya pembeni. Hayo ndiyo yanayoshika unapolala kwenye kona, na meno yaliyo katikati, hata yawe mazuri namna gani, hapo hayagusi chini.

Mpira wenyewe nao una tabia. Bonyeza jino moja kwa ukucha. Mpira laini hubonyea kisha ukarudi, na huo ndio unaoshika jiwe lenye maji. Mpira mgumu kama plastiki hudumu miaka, lakini hauumi. Mpira laini huisha haraka, ndiyo sababu nyingine ya kuuweka mbele, ambako hausuguliwi sana. Na kama tairi limening'inia juani dirishani pa duka kwa muda mrefu, likunje kidogo utazame ubavuni. Ukiona nyufa ndogondogo, lirudishe hata bei ikipunguzwa.

Mtego wa namba

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Baiskeli za zamani za milimani zina magurudumu ya inchi 26, mpya zaidi zina 27.5 au 29. Lakini si kila 26 ni 26. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, kwa sehemu, halikai kwenye rimu ya lile lililoandikwa 26 x 1.95, kwa desimali. Usishangae, namba hizo zilirithiwa kutoka viwanda tofauti. Tegemea namba ile ndogo iliyochapwa ubavuni kwa milimita, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu. Ya pili lazima ifanane kabisa na ya tairi lako la zamani: 559 kwa 26 ya milimani, 584 kwa 27.5, 622 kwa 29. Ile Black Mamba ya guka, ya inchi 28, huwa 635, na tairi lake haliwezi kuazimwa hata mkipenda. Inakili namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, au nenda na gurudumu lenyewe mkononi.

Halafu pima nafasi. Kati ya tairi na miguu miwili ya foki pawe na upenyo wa kidole chembamba kila upande. Pasipokuwa na upenyo, matope ya Othaya yatajaza hapo na gurudumu litasimama ghafla, na tairi pana litakuwa limekuletea ajali ile ile uliyokuwa ukiikimbia. Ikiwa breki zako ni za kubana rimu, huenda tairi pana lililojaa upepo lisipite kati ya viatu vya breki. Legeza waya wa breki kwanza, ingiza gurudumu, kisha, tafadhali, urudishe waya. Kuna waliosahau.

Tafuta pia mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzungukia. Fundi mwenye haraka hautazami.

Upepo

Fundi wetu wengi walijifunzia kazi kwenye Black Mamba zilizobeba magunia ya kabichi na mitungi ya maziwa. Kwao tairi lisilo gumu kama jiwe ni pancha. Waweza kununua tairi bora kuliko yote, akalijaza hadi likarukaruka kama mpira wa kikapu, na faida yote ikaisha. Kwa tairi la inchi 2.25 lenye tyubu, mtu wa kilo 70 hutosheka mbele na karibu ratili 30 kwa kipimo cha pampu ya kituo cha petroli, na kijana mwepesi na chini ya hapo. Kama ubavuni pameandikwa kiwango cha chini, usikivuke. Upepo ukipungua mno, rimu hugonga jiwe na kuibana tyubu, ikatoboka matundu mawili yanayolingana kama ya meno ya nyoka.

Lile la zamani la mbele, kama bado lina meno, lihamishie nyuma. La nyuma lililo kipara, wape watoto wa jirani walizungushe kwa kijiti.

Mkifika kwa cucu, usimwachie kijana ateremke mara moja. Azunguke kwanza uani penye nyasi, ajue mkono upi ni wa breki ya mbele. Kwa kawaida ya hapa kwetu ni wa kulia, lakini baadhi ya baiskeli zinazoletwa kutoka nje zimefungwa kinyume, na hilo ni afadhali kulijua uani kuliko kwenye kona ya kwanza ya kwenda mtoni.