Mgonjwa wa saratani huhitaji mtetezi

JE, msomaji, umewahi kutoka kwa daktari ukafika kituo cha matatu bila kukumbuka aliyokuambia?

Yalimpata mama mmoja niliyemhudumia miaka kadhaa iliyopita. Nilimweleza kwamba uvimbe katika titi lake ulikuwa saratani, lakini ulikuwa ungali mdogo na ungeweza kutibiwa. Nikamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Alishukuru, akaenda zake.

Alirudi baada ya miezi minane, uvimbe umekuwa kidonda. Katika maelezo yangu yote alikuwa amesikia neno moja tu: saratani. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa barua, sikumpa mtu.

Mtu huyo ni mtetezi wa wagonjwa. Hupatikana katika mashirika ya hisani yanayosaidia wagonjwa, na vituo vinavyotuliza maumivu, kama vile Nairobi Hospice kilichoanzishwa mwaka wa 1990, hutoa msaada wa aina hiyo.

Kazi yake ni ipi?

Kwanza, husikiliza. Hukuuliza ulichoelewa, kisha mnaandika maswali ya kumpelekea daktari: Ugonjwa umeenea wapi? Tiba itachukua muda gani? Ina madhara gani?

Pili, hukusaidia na karatasi. Tangu SHA ichukue mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, mgonjwa hana budi kujisajili na kulipa mchango, na tiba ya saratani huombewa idhini kwanza. Anayetapika kwa sababu ya dawa hana nguvu za kuzunguka kutoka dirisha moja hadi jingine.

Tatu, huwasemea wanaonyamaza. Wagonjwa wengi huficha maumivu kwa kuogopa kumsumbua daktari. Wengine hukataa mofini wakidhani hupewa wanaokaribia kufa. Ukweli ni kwamba mofini, ikitumiwa kama ilivyoagizwa, hutuliza maumivu makali na kumwezesha mgonjwa kulala na kula.

Aidha, huzungumza na jamaa. Bado kuna nyumba ambamo mgonjwa hutengewa kikombe na sahani, ilhali saratani haiambukizwi kwa kula pamoja.

Fahamu pia kwamba mtetezi hakuombei fadhila. Sheria ya Afya ya 2017 yataka uelezwe hali yako kwa lugha unayoielewa. Nao mwongozo wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013 wakupa haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine, kuwekewa siri na kulalamika.

Hata hivyo, jihadhari. Mtetezi wa kweli hakuuzii dawa, hakuambii uache tiba, wala hakuamulii. Akifanya lolote kati ya hayo, mwepuke.

Yule mama alitibiwa, lakini titi lilikatwa na tiba ikawa ndefu kuliko ilivyopasa kuwa. Siku hizi sitoi barua pekee. Huambatanisha jina na nambari ya simu ya mtu wa kumsindikiza mgonjwa, na baada ya juma moja huuliza iwapo alifika.

Nawe, ukipewa habari nzito, usitoke chumbani kabla ya kumuuliza daktari wako: “Ni nani atakayenisaidia kuanzia hapa?”