Je, Wajua? Kipakatalishi Kinapogoma Kushika Waifai

Kipakatalishi kinaposhindwa kushika waifai ya nyumbani, simu ndiyo kipimo cha kwanza. Simu ikishika palepale, ruta ni nzima na kasoro imo katika kipakatalishi: huenda waifai yake imezimwa, au kingali kinashikilia nywila ya zamani. Mtandao huo hufutwa kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, kisha nywila mpya huandikwa.

Dalili inayosema mengi, ingawa wachache huitazama, ni anwani ya IP. Ikianza na 169.254, kipakatalishi kimejipa anwani chenyewe baada ya kuiomba kwa ruta bila kujibiwa. Ruta huzimwa kwa nusu dakika, kisha huwashwa.

Masafa nayo huchangia. Ruta nyingi hurusha gigahezi 2.4 na 5, na vipakatalishi vingi vikuukuu havioni kabisa ile ya 5. Katika nyumba ya mawe, iwe Voi au Wundanyi, ile ya 2.4 hupenya kuta vyema zaidi, ijapokuwa ni ya polepole.

Waifai ikishikwa lakini kurasa zisifunguke, lawama huenda si ya kipakatalishi. Ruta inayotumia laini ya simu hutegemea mnara, na milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria hufikia mita 2,208, huweza kuukinga mnara huo. Kuihamishia ruta kwenye dirisha linaloelekea mnara mara nyingi husaidia.